Kwa nyinyi mnaoanza kubeba sadaka za wakimbizi

Vijana wa Wete, Chake Chake na Unguja mliojiandikisha na jumuiya yetu, karibuni sana. Karibu nyote mmeuliza lini mtakwenda kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma. Wachache watakwenda, na si mara nyingi. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika hapa hapa visiwani, mbele ya daftari la mapato, na nitakayemwona ana subira na daftari ndiye nitakayempendekeza kwa safari.

Nianze na pesa, maana ndizo zinazogombanisha jumuiya za misikiti. Kila shilingi inayoingia muulizeni mwenyewe ameitoa kwa nia gani: zaka, zakatul-fitri, sadaka, kafara au ya kuchinja. Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, na wanazuoni walio wengi, wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwemo, wanasema haipewi asiyekuwa Muislamu. Sadaka haina mpaka huo. Sasa zikumbukeni kambi za Kigoma. Waliomo ni Warundi na Wakongo, na walio wengi ni Wakristo. Mkitia kila kitu katika mfuko mmoja, siku ya kugawa mtasimama mbele ya foleni mkiulizana nani Muislamu na nani siye, huku mama aliyebeba mtoto mgongoni anawatazama. Msifike hapo. Daftari liwe na safu ya kila fungu, risiti itaje fungu lake, na msikitini sadaka itangazwe waziwazi kuwa ni ya kila aliyekimbia vita, awe wa dini yoyote. Watu wakielezwa hivyo hutoa, na hutoa kwa moyo.

Zakatul-fitri ina wakati wake, kabla ya sala ya Idi. Inayokusanywa Mkoani, Pemba, usiku wa kuamkia Idi haiwezi kufika Kasulu, kule Kigoma, asubuhi. Hiyo tunaigawa hapa kwenye shehia zetu, na sheha anawajua wenye kustahiki.

Kila mwaka hutokea mtu mwema akaleta marobota ya nguo. Mshukuruni, kisha mumueleze. Robota hilo lina boti ya kuvuka, lina lori la kuikata nchi nzima hadi mpaka wa magharibi, na gharama hiyo inaweza kuzidi thamani ya kilichomo. Kanga, ndoo, madumu, sabuni na maharage vyote vinauzwa Kigoma, Kasulu na Kibondo. Pesa ziende, vitu vinunuliwe kule, risiti zirudi. Wenyeji wa kule nao si matajiri. Wamegawana na wageni maji, kuni na ardhi kwa miaka mingi, na biashara ndogo tunayowapelekea ni haki yao. Nyama ya kuchinja ni hivyo hivyo: mnyama anunuliwe kule, achinjwe asubuhi, na nyama igawiwe siku ile ile kwa sababu haina pa kuhifadhiwa.

Orodha ya mahitaji isiandikwe Pemba. Waulizwe wenyewe, na wanawake waulizwe na wanawake, faragha. Wanaume wanaoulizwa hadharani hutaja unga na mabati. Wanawake hutaja pedi, chupi, tochi ya kwendea chooni usiku, na kuni. Hili la kuni ni zito. Wanawake na wasichana wanaotoka nje ya kambi kutafuta kuni wamekuwa wakivamiwa na kubakwa, na wanaofanya kazi huko wamelieleza kwa miaka. Ukiletewa ombi la majiko yanayotumia kuni chache, usilione ni jambo la jikoni tu. Kila safari ya kuni inayopungua ni hatari moja imempungukia mtoto wa mtu.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Huingii kambini bila ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na ukiwa ndani unamsikiliza mkuu wa kambi. Ombeni mapema. Pesa taslimu msigawe hata mkiingiwa na huruma namna gani. Mwaka 2017 Serikali ilisimamisha kambini mpango wa fedha wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, sembuse sisi.

Mtafanya kazi bega kwa bega na Wakristo, na wengi wao wametutangulia. TCRS, shirika lililotokana na Walutheri, lilianza 1964 na limehudumia wakimbizi nchini kwetu kizazi baada ya kizazi. Kaeni nao, mjifunze wanavyopanga foleni, wanavyoandika kadi na wanavyopokea malalamiko. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika mengine walikubaliana kanuni za mwenendo, na mojawapo ni kwamba msaada usitumike kueneza msimamo wa kisiasa wala wa kidini. Sisi tulikuwa na sababu ya kuifuata hata kabla haijaandikwa, kwani Suratul-Baqara imetukataza kuharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia. Kwa hiyo mtoto hatakiwi asome sura ndipo apewe daftari la skuli. Mwenye kutaka kuswali aonyeshwe msikiti ulipo. Asiyetaka achukue ndoo yake aende kwa salama.

Na picha. Wafadhili wanazitaka, nami nawaelewa, wanataka kuona amana yao imefika. Wapeni picha za magunia, za risiti, za foleni iliyopigwa kwa nyuma. Uso usionekane. Aliyekimbia ana aliyemkimbia, na simu zimefika kila mahali.

Someni pia yaliyotokea Kagunga mwezi wa Mei 2015. Ni kijiji kidogo cha ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nyuma yake milima. Machafuko ya Burundi juu ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalisukuma makumi ya maelfu ya watu mpaka ufukweni pale, na meli ya MV Liemba ikawa inawachukua mia kadhaa kila safari kuwaleta Kigoma. Kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujaisha zaidi ya watu 30 walikuwa wameshakufa, na wenyeji wa Tanzania walikuwemo. Siku zile kilichookoa roho kilikuwa maji yenye klorini, vyoo, na maji ya chumvi na sukari. Mchele ungeweza kusubiri. Ndiyo maana kila mmoja wenu atafundishwa kuchanganya: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipimo kinachotumika katika dharura ni angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na mwisho watu 20 kwa choo kimoja. Vishikeni vichwani, maana mkifika mahali mkaona havipo, hapo ndipo sadaka ianzie.

Wapo watakaowauliza kwa nini Mpemba ajishughulishe na Mrundi ilhali hapa kwetu mna shida. Waambieni wakumbuke Januari 2001. Baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27, polisi walipowapiga risasi wafuasi wa upinzani, zaidi ya watu 2,000 walikimbia visiwa hivi, wengi wao Wapemba, wakavuka kwa vyombo vya baharini mpaka Shimoni, Kenya, na wakapokewa. Baadhi yao tuko nao mitaani. Waendeeni nyumbani, muwaulize kwa adabu kilichowafaa siku ya kwanza na kilichowaudhi. Mimi sijui semina inayofundisha kama baraza hizo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni miezi ya kimya. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, watu walitaka kutoa siku hiyo hiyo. Lakini kambi ya Nyarugusu, Kigoma, imefunguliwa tangu 1996, na waliozaliwa humo leo wana watoto wao. Njaa ya mwezi usio na habari ni njaa ile ile. Tunachopokea wakati wa habari kubwa tusikimalize kwa mkupuo. Sadaka wekeni sehemu ya miezi mikavu, muiandike wazi daftarini, na mtoaji aambiwe tangu mwanzo. Zaka isiwekwe, itolewe kwa wakati wake.

La mwisho ni kwa watakaosafiri. Tangu 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao chini ya makubaliano ya Tanzania, Burundi na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kuwa arudi mwenye hiari. Mtu atakushika mkono akuulize arudi au abaki, kwa sababu wewe ni mgeni na uso wako una huruma. Usimjibu kwa rai yako, wala usimuahidi kitu. Mpeleke kwenye dawati la UNHCR la kambi, umsubiri mpaka apokewe, na lile neno alilokwambia lisifike hata kwa wenzako garini.