Msamaha wangu ni namba ngapi

Gulu, Jumapili jioni

Mwanangu Zaitun,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu ndugu yako Hamisi akiwa karibu. Aliposikia unacheka, akacheka na yeye. Nakujibu kwa karatasi, Hamisi ataipiga picha akutumie. Kwenye simu wewe hunikatiza.

Umeniuliza hivi: "Mama, nikienda kusomea amani ya kwetu kule Marekani, tena kwenye chuo cha mapadri, nitakuwa nimewageuka watu wa nyumbani?"

La mapadri nilimalize haraka. Ulisoma shule ya masista miaka sita, ukarudi na mtandio wako kichwani na swala zako tano. Basi. Kuhusu kuwageuka watu wa nyumbani, sijui ni watu gani hao unaowasema. Sisi Wanubi hapa Gulu, kila tukifungua mdomo kwa Kiswahili, kuna mzee aliyekuwa anatazama kama nyuma yetu kuna bunduki. Lugha ya wanajeshi, walisema. Marehemu baba yako alikuwa fundi cherehani, bunduki hakuwahi kuishika, lakini ilibidi ajifunze Kiacholi kizuri kuliko Waacholi ndipo wakampa nguo zao kushona.

Nimetoka nje ya njia. Nilitaka kukuambia habari ya maziwa.

Unakumbuka mahali pangu pa chai, ukutani mwa paki ya mabasi, karibu na yule mama wa mihogo. Ulikuwa mdogo, ukilala juu ya magunia nyuma ya sigiri. Jioni watoto wa vijijini walikuwa wanaingia mjini kwa miguu, mistari na mistari, kila mmoja na blanketi au kipande cha turubai, wakikimbia kutekwa na waasi wa Kony. Walisema kaskazini nzima ya Uganda walifika hata 40,000 kwa usiku mmoja. Mimi sikuhesabu. Nilichokuwa nahesabu ni nyayo. Asubuhi nikifagia, vumbi lote la mbele ya sigiri lilikuwa limejaa nyayo ndogo, za vidole vilivyotawanyika, za watoto ambao hawajawahi kuvaa kiatu.

Ndipo Juni 2003 Askofu Mkuu Odama na viongozi wenzake wa dini wakaja kulala na watoto hao pale mjini. Usiku nne. Walikuwa wa ule umoja wa viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi, na sisi Waislamu kupitia Sheikh Musa Khalil. Hawakuja na maswali. Walilala chini. Tangu hapo neno langu ni lile lile mnalonicheka wewe na Hamisi: mtu akikuambia kuna amani, muulize jana alilala wapi.

Sasa maziwa. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Hamisi kurudi kutoka porini. Mengine ya huko yeye hajataka kuyasema na mimi sitayasema hapa. Akaja kijana mmoja Mzungu, mtafiti, na mkalimani wake. Chuo chake sikitaji, wala si hicho chako. Kijana mpole, shingo imeungua na jua, malaria ndiyo kwanza imemwachia. Aliketi kwenye gunia langu bila kulipangusa, hilo nilimpenda. Akauliza majina, dini, watoto wangapi. Halafu akageuza karatasi akaniuliza: waliomchukua mwanao, umewasamehe kiasi gani, kuanzia moja mpaka tano?

Mkalimani alirudia swali, kwa sababu nilinyamaza. Nyuma yangu maziwa yalikuwa yameanza kupanda kwenye sufuria. Nilikuwa nayasikia, ile sauti ya ngozi ya maziwa ikijivuta. Lita tano za mkopo. Nikasema, "Tano." Akaandika tano. Nikageuka, nimechelewa, yameshamwagikia makaa, moshi mweupe na ile harufu. Kijana akanisaidia kuinua sufuria, akaungua kidole, akaomba radhi, akanunua chai iliyobaki yote akawagawia makondakta. Saa kumi na moja gari lao likaja likawachukua.

Zaitun, ile tano inaniuma mpaka leo. Si kwamba ni uongo. Au tuseme ni uongo, lakini si wa siku zote. Kuna siku nina tano kamili. Kuna siku Hamisi anapiga kelele usingizini na mimi sina hata moja. Mama wa mihogo naye aliulizwa, kama anaweza kuishi na waliorudi. Naye alisema tano, tena kwa sauti. Lakini kikombe alichonywea Hamisi alikiosha mara mbili, nikimtazama.

Askofu Ochola, aliyekuwa katika umoja ule ule, mke wake aliuawa na bomu la kutegwa mwaka 1997, na bado akasimama kutetea sheria ya kuwasamehe waasi wanaorudi, ile ya mwaka 2000 iliyompa Hamisi karatasi yake. Nani angethubutu kwenda kumuuliza mzee yule moja mpaka tano?

Hapo utasema mama anachukia utafiti. Sichukii. Nimejibishana na nafsi yangu wiki nzima. Maana askofu kulala chini mbele ya sigiri yangu, kama hakuna aliyeandika, ingekuwa hadithi ya mama wa chai. Waandishi waliandika, na mwaka uliofuata umoja ule ukapewa tuzo ya amani ya Niwano kutoka Japani. Ulimwengu ukaanza kuuliza Gulu ni wapi. Kwa hiyo karatasi zina kazi yake, nakubali. Lakini pia waandishi walilala hotelini. Unaona? Nikipanda upande huu, upande ule unanivuta.

Hicho kituo ulichonieleza, cha Berkley, kwamba kilianzishwa 2006 ndani ya Chuo cha Georgetown kule Washington kitazame dini, amani na mambo ya dunia, mwaka huo naukumbuka kwa jambo lingine. Ndio mwaka mazungumzo ya amani ya Juba, kati ya serikali na watu wa Kony, yalipoanza, na jioni zikaanza kuwa tupu pale paki. Biashara yangu ya usiku ikafa na mimi nikamshukuru Mungu. Wao wakifungua mlango, sisi tunakunja mikeka.

Lililonikosesha usingizi ni lile ulilolitaja haraka haraka kama halina uzito. Kwamba chuo hicho ni cha Wajesuiti, cha tangu 1789, na mwaka 1838 mapadri hao waliuza watu 272 ili kupunguza madeni ya chuo, na 2017 ndipo wakasimama mbele ya vizazi vya hao waliouzwa wakaomba msamaha. Nimepiga hesabu kwa vidole na Hamisi akahakikisha kwa simu: miaka 179. Wewe unaogopa kuonekana umewageuka watu wako, na unakwenda nyumba ambayo nayo inajifunza kuomba radhi. Ningependa kujua hao wajukuu waliulizwaje. Ningependa kujua kama kuna aliyekuja na karatasi ya moja mpaka tano, na nyuma yao nini kilikuwa jikoni.

Unataka niseme nenda au usiende. Sisemi. Nilikwishaapa tangu yale ya Hamisi na shule ya ufundi kwamba sitamwamulia mtoto tena. Ni vigumu, maana neno liko hapa kwenye ncha ya ulimi. Nitasema tu kwamba blanketi la kijani nimelianika, kwa sababu lilikuwa na harufu ya kabati, na kwamba baridi ya huko wanaisifia ubaya.

Lakini ukienda, ukakuta huko au popote kabati la karatasi kama za yule kijana, itafute tano yangu. Usiifute. Andika pembeni, kwa Kiswahili, maziwa yalikuwa yanamwagika.

Mama yako