Panga Kadi Yako Kwenye Kompyuta Kabla Hujashika Mkasi

Karatasi nzuri ikishakatwa haiungiki tena. Ndiyo maana kadi zangu, ingawa nazikata, nazikunja na kuzigandisha kwa mkono, huanzia kwenye skrini. Wapo wanaosema kompyuta inaiua kazi ya mkono. Sikubaliani nao hata kidogo. Programu hainitengenezei kadi. Inanisaidia kujua vipimo na mahali pa kila kitu, na mkono unabaki huru kukata na kupamba bila kusitasita.

Mimi natumia Inkscape, ambayo ni ya bure. Canva au LibreOffice Draw pia inafaa. Usijichoshe kutafuta programu bora kuliko zote. Hakikisha tu inapima kwa milimita na inakuruhusu kupanga vitu kwa tabaka, kimoja juu ya kingine.

Anza na bahasha, kadi ifuate. Bahasha ya C6 ina milimita 114 kwa 162, na kadi inayoikaa vizuri ni ya A6, yaani 105 kwa 148. Karatasi ya A5 ikikunjwa katikati inakupa kadi hiyo, kwa hiyo A4 moja inatoa kadi mbili. Chora mstatili wa bahasha kwenye tabaka la chini kabisa, ulifunge lisisogee, kisha weka kadi juu yake. Nafasi inayobaki pembeni ni ndogo, na maua ya karatasi yaliyoinuka huimaliza upesi.

Chora karatasi ikiwa imetandazwa. Kadi inayofunguka kama kitabu, ukiitazama upande wa nje, uso wake wa mbele uko kulia na mgongo, yaani upande wa nyuma, uko kushoto. Ile inayofunguka kwenda juu, uso uko chini na mgongo uko juu, na maandishi ya mgongoni lazima yakae kichwa chini kwenye mchoro ili yasomeke kadi ikikunjwa.

Kama unapenda kupandanisha karatasi za rangi mbalimbali, hapa ndipo kompyuta inapokufaa kwelikweli. Ukitaka ukingo wa milimita 3 kila upande, punguza 6 kwenye upana na 6 kwenye urefu: juu ya 105 kwa 148 inakaa 99 kwa 142, na juu ya hiyo inakaa 93 kwa 136. Jaribu ukingo wa 2, jaribu wa 5, utazame upi unapendeza. Hakuna karatasi inayopotea.

Kadi yenye kisanduku kinachoinuka ukiifungua inataka hesabu zaidi, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Tuseme unataka kisanduku chenye kimo cha milimita 40 kinachojitokeza mbele milimita 30. Chora mikato miwili sambamba, kila mmoja wa milimita 70, ikivuka mkunjo wa kadi: 40 juu ya mkunjo na 30 chini yake. Mkunjo mpya wa kisanduku unapita milimita 30 kutoka ncha za juu za mikato hiyo. Kadi ikifungwa, kisanduku kinafika milimita 70 kutoka kwenye mkunjo wa katikati. Kwa hiyo kimo ukijumlisha na kina, jibu lisizidi urefu wa upande mmoja wa kadi, la sivyo kitachungulia nje.

Kuhusu rangi, nina msimamo. Usichague rangi za kwenye programu, tumia karatasi ulizo nazo. Zipige picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, uziingize kwenye mchoro na kuzikata kwa umbo unalotaka. Hata hivyo skrini inatoa mwanga na karatasi inauakisi, hivyo zitatofautiana kidogo. Mpangilio uamue kwenye skrini, lakini uamuzi wa mwisho wa rangi ufanye kwa karatasi zenyewe zikiwa zimelala pamoja mezani. Jambo moja la kusaidia: geuza mchoro wote uwe wa kijivu. Maandishi yakififia hapo, msomaji naye atapata taabu kuyasoma.

Kama kuna picha utakayochapisha, pikseli 300 kwa inchi zinatosha. Kwa A6 nzima ni takriban 1240 kwa 1748. Na kama unachonga muhuri, geuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo kabla ya kuuhamishia kwenye muhuri.

Sasa chapisha kwenye karatasi ya kawaida. Kwenye mipangilio ya printa chagua asilimia 100, usiruhusu itoshelezwe kwenye ukurasa, kwa sababu hapo vipimo vyako vyote vitabadilika. Pembeni mwa mchoro mimi huweka mstari wa milimita 100 na kuupima kwa rula ukishatoka. Ukiwa sawa, kata nakala hiyo, ikunje, iingize kwenye bahasha. Kisha ilaze juu ya karatasi nzuri na utoboe kwa sindano pembe na ncha za mikunjo.

Ujumbe wa ndani usiuandike kwa fonti. Acha nafasi tupu, chapisha, halafu jaribu kuujaza kwa kalamu utakayotumia. Mwandiko wa watu wengi ni mpana kuliko wanavyodhani, na ni heri kujua hilo kwenye karatasi ya majaribio.