Unataka kujifunza kupaka rangi? Anza na boksi na yule mtu wa Munch

Vijana wengi wakiona zile picha za tingatinga zilotundikwa mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe Zanzibar, wananiuliza, mie nianzie wapi? Jibu langu moja tu, nakili kazi ya mtu mwengine, ila usichague sura iliyofanana na foto maana utahangaika na pua mpaka uchoke uache. Chukua The Scream, yaani Mayowe, ya mchoraji wa Norway Edvard Munch, ya mwaka 1893, yule mtu kashika mashavu mdomo wazi. Uso wake hauna hata nyusi kwa hiyo utalazimika kutazama mistari.

Na uitazame hasa kabla hujashika brashi. Mawingu mekundu yamepinda, maji yamepinda, mwili wake nao umepinda vilevile, halafu daraja limenyooka tii linakatiza mpaka nje ya picha, na wale watu wawili nyuma wamesimama wima. Hofu yote iko hapo kwenye kilonyooka na kilopinda vinavyogombana, mie mdomo niliufanya mwisho kabisa na picha ilikuwa inatisha zamani.

Kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea, ya bei usinunue, Munch mwenyewe hiyo kaichora kwenye kadibodi! Omba boksi la friji madukani Darajani, lipake rangi nyeupe ya ukuta, ile ya maji, pande zote mbili, ukipaka upande mmoja litajikunja. Picha ya kunakili igeuze juu chini wakati wa kuchora penseli, utaacha kuona mtu utaona maumbo. Kama unatumia akriliki, rangi ya maji inayokauka upesi, basi wakati wa kaskazi inakauka kwenye sahani hujamaliza hata kusema bismillahi, weka kitambaa kibichi chini ya rangi na ufanye kazi asubuhi.

Ati kunakili ni wizi? Mchoraji Van Gogh alipokuwa hospitali kule Saint-Rémy, Ufaransa, 1889 mpaka 1890, alinakili kazi za Millet, mchoraji wa Kifaransa, zaidi ya ishirini, tena kutoka picha nyeusi na nyeupe, rangi akatia zake.

Wewe pia picha ya pili iwe yako. Mwanamke kavaa buibui, upepo umelijaza, ukuta wa bahari pale Forodhani ndo daraja lako. Nenda alasiri lakini, maana magharibi ikishaingia watu wa urojo hawakuachii hata pa kuweka kiti.