Kata kwa maji, lakini tengeneza stima kwanza

Kazi nyingi za vigae hapa Amu (Lamu) siku hizi ni bafu za nyumba za wageni, na fundi karibu kila mmoja anakuja na grainda yenye diski ya almasi. Anakata kavu. Ukimuuliza mbona hatumii maji, atakwambia maji na stima havipatani. Ni kweli. Ila ugomvi huo wa maji na stima una dawa, na mapafu yakishaharibika hayana.

Vigae vigumu vya poselini, na graniti vilevile, vina silika, yale madini ya kwenye mchanga. Ukivikata kavu, lile wingu jeupe unaloliona ni chembe kubwa, na hizo hutua mapema. Zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko mikromita 10, huzioni, na hubaki zikielea hata baada ya mashine kuzimwa. Huko ndani huacha makovu. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba, tena humrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Tangu 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka silika hii katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Jiwe la matumbawe na chokaa tulivyozoea kuvichonga hapa vina silika kidogo, kwa hivyo usilipime vumbi la poselini kwa mazoea ya nyumba za kale.

Leso ya kufunga puani haizuii kitu. Tafuta barakoa iliyoandikwa N95 au FFP2 na uibane hadi hewa isipite pembeni. Mwenye ndevu haimkai sawasawa (sikwambii unyoe, sheikh), basi wewe ndiye wa kushikilia maji zaidi. Na kiwandani, yaani uani, mwa nyumba za Amu, kuta nne zimekuzunguka, vumbi halina pa kwenda. Panda juu ya paa ukiweza, uhakikishe jirani hajaanika nguo, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, ukujie ubavuni.

Sasa stima. Nimemwona kijana mtaa wa Langoni akimmiminia fundi maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, moja kwa moja juu ya diski ya grainda ya kawaida. Grainda ina matundu ya kuvuta hewa ya kupoza mota, na ule mnyunyizo unavutwa humo humo. Kama utakata kwa maji, tumia mashine iliyoundwa kwa maji, ile ya meza yenye beseni na pampu.

Halafu tazama inachomekwa wapi. Usitegemee fyuzi. Ya plagi yetu ya miguu mitatu ni ya ampea 13, kazi yake ni kuulinda waya usiungue, na mtu anaweza kufa kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, inayokata stima mara inapohisi inavuja. Zipo za kuchomeka kwenye soketi. Ina kidude chenye herufi T: kibonyeze kila asubuhi kabla ya kazi, na isipokata, itupe. Mtindo wa kuingiza nyaya mbili tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti ya kiberiti uache kabisa, maana waya wa athi, ule wa kupeleka stima iliyovuja ardhini, unaachwa nje, na meza ya chuma iliyolowa bila athi ni mtego.

Maji hufuata waya. Utaona tone linatoka kwenye beseni, linateleza juu ya kebo polepole, linaelekea kwenye soketi. Iache kebo ining'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone lidondoke pale chini. Ekstenshoni itundike kwenye msumari, isilale sakafuni. Miguu iwe ndani ya viatu vya mpira, na plagi usiiguse kwa mkono uliolowa.

Maji ya visima vya mjini yana chumvi. Yanapitisha stima kwa urahisi zaidi, na pampu huila kwa kutu. Mimi huomba maji baridi, yasiyo na chumvi, yanayotoka kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Bosi hunung'unika kwa kuwa ni ya kunywa, lakini mashine huyazungusha yale yale na ndoo chache zinatosha siku nzima.

Tope la beseni lichote likiwa bichi. Likikauka ni vumbi lile lile, na ufagio mkavu utalirusha upya. Usilimwage kwenye mtaro wa kichochoroni, litaganda huko. Nguo za kazi usizikung'ute nyumbani mbele ya watoto, ziloweke.

Kwenye hesabu ya kazi ninaandika RCD na barakoa pamoja na simiti na gundi ya vigae. Mwenye nyumba akivifuta ili kupunguza bei, mashine yangu haivuki kutoka Mokowe, kule bara.