Re: Kuku 200 wa mayai, nihamie vizimba?

Salaam mkuu. Nimekusoma: una kuku 200 sakafuni, jirani analalamikia harufu, na muuza vizimba anadai vitaimaliza. Lakini roho inakusuta.

Kabla hujatoa hela, angalia maranda (vumbi la mbao) uliyotandaza sakafuni. Chota konzi moja chini ya vyombo vya maji, ukamue. Yakishikana donge, harufu inatokea hapo. Kinyesi kilicholowa ndicho kinachotoa amonia, ile gesi ya harufu kali. Nyanyua vyombo hadi usawa wa mgongo wa kuku, toa yaliyolowa, weka makavu, acha upepo upite. Banda langu lilitulia hivyo. Kisha chutama humo ndani, usawa wa kuku. Macho yakiwasha, amonia bado ipo.

Vizimba havipunguzi kinyesi, kuku si ni wale wale? Kinarundikana chini, na usipokizoa mapema, nzi wote wa mtaa ni wako.

Hiyo roho kukusuta ina sababu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vya kawaida kuanzia 2012. Sheria ilikuwa inamruhusu kuku sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4. Hatandazi mbawa, haogi vumbi. Ila tusijisifu sana sisi wadogo: kuku anayezurura bila chanjo akafa kwa kideri (ugonjwa wa Newcastle), naye kaonewa.

Mbolea ilundike, ifunike iive, mbali na kisima na mto.

Bei za vizimba huko kwenu siwezi kukusemea. Banda lina mita ngapi za mraba? Mimi sizidishi kuku 6 kwa mita moja.