Kwa Kinyozi Anayeanza: Usafi wa Wembe Hauishii Kwenye Wembe

Jambo la kwanza utakaloambiwa ukiingia katika kazi hii ni kwamba kila mteja apate wembe wake mpya, ufunguliwe mbele ya macho yake. Hilo ni kweli na halina mjadala. Hata hivyo, kwa miaka niliyonyoa na kufundisha wengine nimeona kuwa wengi huishika kanuni hiyo na kuishia hapo, wakiamini kwamba wembe mpya umemaliza kazi yote ya usafi. Damu ya mteja aliyetangulia inaweza kubaki mahali pengi pasipokuwa kwenye makali.

Anza na mpini. Wembe wa kukunja wenye kubadilishwa makali una sehemu nyembamba inayoubana wembe, na humo ndimo uchafu unamojificha. Ifungue mwisho wa siku uiangalie kwenye mwanga: utakuta utando wa kijivu wa povu lililokauka, vipande vya ndevu vimenasa pembeni, na pengine doa la rangi ya kutu ambalo si kutu. Wembe mpya ukiupachika juu ya utando huo, umekwisha kuuchafua kabla haujagusa shavu la mtu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata katika damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Kwa hiyo kuufuta mpini kwa kitambaa, tena kitambaa kile kile tangu asubuhi, si kuusafisha.

Mpini huoshwa kwanza kwa maji, sabuni na brashi ndogo, kisha ndipo hutiwa dawa. Utaratibu huu haugeuzwi, kwa sababu mafuta, povu na damu huidhoofisha dawa na kuizuia isivifikie vijidudu. Ukitumia klorini, mchanganyiko wa asilimia 0.5 unatosha: chukua sehemu 1 ya dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, uiongezee sehemu 6 za maji, uloweke kifaa kwa dakika 10. Klorini hula chuma, basi kisuuze na kukikausha mara muda ukitimia, na uchanganye dawa mpya kila siku kwa kuwa nguvu yake hupungua. Spiriti ya asilimia 70 nayo inafaa kwa kifaa kilichokwisha kuoshwa, mradi kibaki kimelowa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kupuliza mara moja na kupangusa papo hapo hakusaidii kitu. Kupitisha wembe juu ya moto wa kiberiti ni mazoea ya kuachwa kabisa, na lile kabati lenye taa ya buluu ni mahali pa kuhifadhi vifaa vilivyo safi tayari, wala halisafishi kilichoingia kichafu.

Kuhusu wembe wa asili, ule ambao makali yake hayabadilishwi bali hunolewa, ninaupenda na ninaheshimu ufundi wake, lakini sishauri utumike kwa wateja wengi. Hata ukiutakasa vizuri, kabla ya kunyoa utaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, na ngozi haichemshwi wala hailowekwi kwenye dawa. Mkanda mmoja huwakutanisha wateja wote wa siku hiyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa jiwe la shabu. Mteja akikatika, wapo wanaolichukua jiwe lile lile na kulisugua moja kwa moja kwenye jeraha, kisha likarudi mezani likimngoja mwingine. Tumia shabu ya unga juu ya pamba mpya, uibonyeze hadi damu ikome, kisha uitupe pamba hiyo. Brashi ya povu pia isidharauliwe: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za manyoya ya farasi ambayo hayakutakaswa ipasavyo.

Njia bora ya kupunguza hatari ya damu ni kutoikata ngozi. Lainisha ndevu kwa taulo yenye joto, ivute ngozi kidogo kwa mkono mwingine, uulaze wembe kwenye pembe ya nyuzi 30 hivi, na ufuate mwelekeo wa ndevu. Mwenye ndevu za kujikunja akinyolewa kinyume na mwelekeo huo, ncha za nywele hurudi kuchoma ngozi na kumletea vipele. Kabla ya yote, mkague. Ukiona kidonda, usaha au mabaka, mwambie kwa upole na kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, hapa ngozi imeumia; tusipapitishie wembe leo." Mteja mwenye busara atakushukuru, na atakayekasirika ni heri aondoke na hasira yake kuliko kuondoka na jeraha.

Nawe jilinde. Pata chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida mtu mzima huchomwa mara 3, kabla hujazoea kazi. Ukijikata kwa wembe uliotumika, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usilikamue wala kulinyonya, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU huanza kutumiwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi.

Nyembe zilizotumika zitie kwenye chombo kigumu cha plastiki chenye mdomo mdogo, kikae karibu na mkono wako ili usitembee na wembe wazi. Kikifika robo tatu, kifunge, kisifunguliwe tena, na kipelekwe panapoteketezwa taka zenye ncha kali.