Maswali ya Wasomaji: Kondoo Asiyesema na Vikaragosi Wenzake wa Runinga

Barua tatu za toleo hili zote zimetoka Kigoma, na zote zinahusu katuni ambazo hazikuchorwa bali zilitengenezwa kwa vikaragosi vya kushikika. Tumeziweka pamoja.

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Ujiji. Ninalea wajukuu wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka tisa, na nyumbani tunazungumza Kiha na Kiswahili tu. Kwa jirani wameona katuni ya kondoo asiyesema neno hata moja, nao wameipenda kuliko zote. Mwalimu mmoja ameniambia kwamba kondoo yule ni kikaragosi halisi anayesogezwa kwa mkono. Naomba unitajie vipindi bora vya namna hiyo, ili baba yao atakapokwenda Dar es Salaam anitafutie na kuniwekea kwenye flashi. (Bibi wa Ujiji)

JIBU: Shikamoo, Bibi. Mwalimu huyo amekueleza sawasawa. Kikaragosi husimamishwa mezani, hupigwa picha, husogezwa kidogo kiasi cha unene wa ukucha, kisha hupigwa picha nyingine; picha hizo zikipitishwa mbele ya macho kwa kasi, mtazamaji humwona anatembea. Wenye fani huita kazi hiyo stopu-mosheni. Kwa kuwa wajukuu wako hawajui Kiingereza, nitaanza na vipindi visivyo na maneno, na nakiri kwamba ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote katika sanaa hii, kwa sababu mtengenezaji aliyejinyima maneno hulazimika kusema kila jambo kwa shingo, kope na mabega, na hapo ndipo ufundi wake unapoonekana wote.

Kondoo wa wajukuu wako anaitwa Shaun. Alizaliwa katika studio ya Aardman iliyopo Bristol, Uingereza, na kwa mara ya kwanza alionekana mwaka 1995 katika filamu fupi ya Nick Park, ambamo aliingia kwenye mashine akatoka amenyolewa manyoya. Jina lake kwa Kiingereza linatamkwa karibu sawa na neno lenye maana ya aliyenyolewa. Mwaka 2007 alipewa kipindi chake mwenyewe katika BBC, na awamu ya kwanza ilikuwa na vipande 40 vya dakika saba saba. Mwambie mjukuu mkubwa amtazame kwa makini mbwa Bitzer, mwenye kofia ya sufu na filimbi, ambaye ni msimamizi wa kondoo na wakati huohuo ni mshirika wao. Mkulima anapogeuka kuangalia malishoni, kundi zima huacha michezo yake kwa ghafla na kuinamia majani kama kondoo wa kawaida. Akiwapa mgongo tu, michezo inarudi. Mkulima mwenyewe hunguruma bila kutamka neno linaloeleweka, kwa hiyo mtoto wa Ujiji na mtoto wa Bristol wanaelewa sawa, wala hakuna anayemsubiri mwenzake amtafsirie.

Wa pili, na moyoni mwangu pengine ndiye wa kwanza, ni Pingu, pengwini mdogo wa udongo aliyeanza kuonyeshwa Uswisi mwaka 1990, kazi ya Otmar Gutmann. Pingu na familia yake wanasema sana, lakini lugha yao si ya taifa lolote. Kwa miaka ya mwanzo sauti za wahusika wote zilitolewa na mtu mmoja, Mwitaliano Carlo Bonomi, naye hakuwa akisoma maneno yaliyoandikwa. Alitamka vile hasira, furaha au deko la mhusika lilivyomwongoza. Baba yake Pingu ni mpeleka barua, na yapo mambo ya nyumbani ambayo wajukuu wako watayatambua mara moja: wivu wa Pingu pale mdogo wake Pinga anapoanguliwa na macho yote ya wazazi kuhamia kwa mtoto mchanga. Akikasirika au akitaka kuita, mdomo wake hurefuka na kupanuka kama tarumbeta. Jambo hilo linawezekana kwa sababu yeye ni udongo. Tungempa mwili wa mbao, asingeweza. Ndiyo maana naiweka kazi hii juu sana: kila kituko chake kinatokana na kile alichofinyangwa nacho.

Kutoka nchi iliyokuwa Chekoslovakia wapo Pat na Mat, majirani wawili walioanza kuonekana mwaka 1976, waliobuniwa na Lubomír Beneš pamoja na mchora vibonzo Vladimír Jiránek. Wao ni mafundi wasiokata tamaa. Wakitaka kutengeneza kitu kidogo, watatoboa ukuta, watavunja samani, watafurisha maji, na mwisho watakipata walichokitaka kwa njia ambayo fundi mwenye akili timamu asingeifikiria. Hawasemi kitu. Huyu wa miaka tisa atawapenda zaidi kuliko mdogo wake, kwa kuwa inabidi mtoto aone kosa likikaribia kabla halijatokea.

Ukiweza kupata vipande vya zamani, mtafutie mdogo Clangers wa Uingereza, walioonyeshwa kuanzia Novemba 1969, mwaka uleule binadamu alipokanyaga mwezini. Ni viumbe wa rangi ya waridi waliofumwa kwa nyuzi za sufu, wanaoishi katika sayari ndogo, na walitengenezwa na Oliver Postgate na Peter Firmin katika banda la shambani huko Kent. Aliyewafuma ni Joan, mke wa Firmin. Wanazungumza kwa filimbi. Postgate aliandika kwanza mazungumzo yote kwa Kiingereza cha kawaida, kisha yakapulizwa kwa filimbi kufuata mapigo ya sentensi, na kwa sababu hiyo sikio linatambua swali, lawama na msamaha ingawa hakuna neno lililotajwa. Kipindi hicho kilifufuliwa mwaka 2015, na hicho kipya kinapatikana kwa urahisi zaidi.

Vingine nitavitaja kwa kupita. Ujerumani Mashariki ilianza tarehe 22 Novemba 1959 kuwaonyesha watoto kikaragosi wa mzee mdogo anayewaletea usingizi, naye alidumu hata baada ya nchi mbili za Ujerumani kuungana. Wajapani walitoa mwaka 2021 vipande vifupi vya Molcar, simbilisi wanene wa sufu (wanyama wadogo wa jamii ya panya) ambao pia ni magari. Kila kipande hakifiki dakika tatu, na kinamfaa mtoto asiyetulia. Bob the Builder, fundi mjenzi aliyeanza mwaka 1999, alikuwa kikaragosi mzuri sana, ila baadaye alihamishiwa kwenye kompyuta, na nasema kwa masikitiko kwamba uso wake umepoteza kitu. Baba yao akimtafuta, atafute yule wa zamani.

Nina onyo moja, Bibi, na naomba ulichukulie kwa uzito: si kila kikaragosi ni wa mtoto. Robot Chicken ya Marekani, iliyoanza mwaka 2005, inatumia wanasesere wa kuchezea kama wale wa dukani, lakini ina matusi na umwagaji damu, na ilitengenezwa kwa watu wazima wa kutazama usiku. Ikiwa flashi itajazwa na kijana wa kibandani, mwambie asiichanganye humo.

SWALI: Mimi nafanya kazi karibu na stesheni ya Kigoma, na mwanangu ni mpenzi wa kipindi cha treni zenye nyuso. Je, nazo zilisogezwa kwa mkono picha moja moja? Na vipi katuni zetu za Afrika Mashariki? (Baba wa Mwanga)

JIBU: Hapana, ndugu yangu, ingawa wengi hudhani hivyo. Kipindi hicho cha Uingereza kilipoanza mwaka 1984, treni zilikuwa modeli zenye injini ndogo za umeme, zikikimbia kwenye reli yake na kurekodiwa zikiwa zinakwenda, kama mtu anavyorekodi treni ya kweli ikiingia stesheni. Nyuso ndizo zilizobadilishwa: uso wa furaha unatolewa, wa huzuni unabandikwa, kamera inaendelea. Baadaye kipindi kilihamia kwenye kompyuta.

Za kwetu nazo ni za kompyuta. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam na kuonyeshwa tangu mwaka 2014, na Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa michoro aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga, ni kazi nzuri, lakini hazina kikaragosi wa kushikika. Natamani sana tupate kipindi cha vikaragosi chenye sauti ya hapa, na barua inayofuata inanipa matumaini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Kibirizi. Nimefinyanga mgebuka wa udongo na kumpiga picha kwa simu ya kaka yangu ili aonekane anaruka kutoka ziwani na kuingia mtumbwini. Lakini picha inatikisika, mwanga unawaka na kufifia, na siku ya pili samaki alipasuka. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa Kibirizi)

JIBU: Mdogo wangu, makosa yako niliyafanya yote mwenyewe, hivyo nitakujibu kwa nilichokigusa kwa mikono yangu.

Udongo wa mfinyanzi una maji. Yakikauka, nyufa haziepukiki. Watengenezaji wa vipindi vya runinga hutumia plastisini, ambayo imekandwa kwa mafuta na nta. Mimi nilichukua udongo wa bondeni, nikaukausha, nikautwanga, nikauchekecha kwa kitambaa, kisha nikaukanda kwa mawese badala ya maji. Unatoka mwekundu na unachafua vidole, lakini haukukauka. Ndani ya samaki wako weka waya mwembamba kutoka kichwani hadi mkiani, ili ukimkunja abaki alivyokunjwa. Ukitengeneza mtu, mpe miguu mipana: Gumby, yule kikaragosi wa kijani aliyebuniwa na Art Clokey nchini Marekani katika miaka ya 1950, alipewa miguu mipana kwa sababu hiyohiyo ya kusimama bila kuanguka.

Mwanga unafifia kwa sababu umefanya kazi nje. Wingu likipita juu ya ziwa, macho yako hayalioni, lakini simu inaliona. Ingia ndani, funga dirisha kwa kanga nzito, tumia taa moja isiyosogezwa, nawe vaa nguo nyeusi ili rangi ya shati lako isimwangukie samaki. Simu usiishike kwa mkono: ifunge kwa mpira wa baiskeli kwenye tofali, na kitufe ukibonyeze kwa waya wa spika za masikioni, kwani simu nyingi hukubali kupiga picha kwa kitufe cha sauti.

Kuhusu idadi, runinga za Ulaya huonyesha picha 25 kwa sekunde, na mafundi wengi humsogeza kikaragosi kila baada ya picha mbili. Kwako picha 12 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo mruko wa sekunde tatu unahitaji picha 36. Usigawe umbali sawa kwa sawa. Samaki anapoanza kuinuka msogeze kidogo sana, katikati ya kupanda msogeze mbali, na anapofika kileleni punguza tena, kana kwamba anachoka. Akianza kushuka ongeza. Akishaangukia mtumbwini usimwache palepale kama jiwe: mpe picha mbili akiwa amebonyea, mbili akiwa amenyanyuka kidogo, kisha mkia upige mara moja. Huo mkia ndio utakaomfanya mtazamaji aamini kwamba ni samaki. Mruko wangu ulinichukua kuanzia alasiri hadi magharibi, na niliurudia mara nne.